Luvenia Kettle, Mchanaji wa Kitambaa cha Mkataba

Wafiwa wa ukoo wa Dubu, akina mama wa koo zote, watunza imani wa Nyumba Ndefu, majirani wa Steamburg na Jimersontown, na ninyi mliosafiri tangu alfajiri, naomba utulivu kidogo, na walioko jikoni wapunguze moto wa supu ya mahindi waje wasikie. Naitwa Wendell Halfwhite, wa ukoo wa Mwewe, mdogo wake marehemu Delos aliyekuwa mume wa huyu tunayemsindikiza leo, na nimesimama hapa kwa sababu ya desturi yetu, kwamba Dubu akifiwa, sisi wa upande wa pili wa moto ndio tunaochimba kaburi, tunaopika na tunaosema, ili mwenye uchungu asibebeshwe kazi. Binti yake mkubwa, Rosalind, amenikabidhi karatasi yenye tarehe zote, akaniambia, "Baba mdogo, usome kilichoandikwa, usianze mambo yako." Nitajaribu, mwanangu, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi, nalo halimo katika karatasi yako.

Marehemu Luvenia Kettle Halfwhite alizaliwa tarehe 3 Machi 1934, Coldspring, kando ya mto Allegheny, katika nyumba ya bibi yake mzaa mama, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu Mzee Clinton Kettle na marehemu Mama Hattie. Jina lake la ukoo sitalitaja, kwa kuwa tangu juzi limerudi kwa akina mama wa Dubu, linamngoja mtoto atakayelistahili. Nyumba alimozaliwa msihangaike kuitafuta, iko chini ya maji, na nitafika huko kwa wakati wake.

Alisoma shule ya kutwa iliyokuwa kando ya barabara ya Coldspring kuanzia Septemba 1941 hadi Juni 1950, akawa hodari wa hesabu na mbishi wa kupindukia. Mwezi Novemba 1946, akiwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wake alilieleza darasa kwamba mkataba wa Canandaigua, ule ambao babu zetu wa Mataifa Sita, wenyeji wa ardhi hii kabla ya Wazungu, waliwekeana na Marekani tarehe 11 Novemba 1794, kwamba ardhi hii ni yetu na hawatatusumbua humo kamwe, na kwamba kila mwaka wataleta bidhaa kulitia nguvu neno hilo, ulikuwa jambo la zamani, limekwisha, lisomwe kwa ajili ya mtihani tu. Wiki hiyohiyo bibi yake alikuwa amepokea kitambaa cha mkataba, merikani ileile nyeupe ya pamba inayoletwa hadi leo, na kesho yake Luvenia akaingia darasani amevaa gauni lililoshonwa usiku kucha kwa kitambaa hicho, pindo halijakunjwa, nyuzi zinaning'inia, akasimama mbele akauliza, "Mwalimu, kama umekwisha, hiki nilichovaa ni nini?" Alirudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu. Bibi yake alimpikia mkate wa kukaanga na kumkalisha kwenye kiti cha wakubwa.

Mwezi Februari 1951 aliajiriwa katika kiwanda cha mashati mjini Salamanca, akafanya kazi hapo miaka thelathini na minane mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1989, kwanza mshonaji wa kola, baadaye msimamizi wa chumba cha kukatia, na wenzake wa kiwandani waliohudhuria leo, wale wanne pale nyuma wenye kofia za sufu, ni mashahidi kwamba hakuna aliyemwona akipindisha mshono. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikuwa na mshahara, nayo alikabidhiwa na akina mama mwaka 1955, macho ya bibi yake aliyeifanya kabla yake yalipokuwa yamefifia, kazi ya kusimama kwenye meza siku ya kitambaa, kugawa jora kwa kila jina lililo katika orodha inayorudishwa serikalini, huku karani akitia alama kwenye kisanduku kilicho mbele ya jina.

Hakuwa anakata, alikuwa anachana. Alipima kwa mkono, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya kidole, akatia mkasi kidogo tu pembeni, kisha akakivuta kitambaa kwa nguvu mpaka kikafuata uzi wake chenyewe, moja kwa moja bila kupinda, na mlio wake ulisikika hadi uwanjani ambako watu walikuwa bado wanaegesha magari. Ukimwuliza kwa nini asitumie mkasi, anakujibu, "Mkasi unafuata mkono wa mtu, na mkono wa mtu una upendeleo." Mimi mwenyewe nilimwambia mara moja kwamba anajipendelea yeye kwa kuwa ana pua ndefu, akanipiga na ncha ya jora kichwani.

Tarehe 12 Juni 1954 alifunga ndoa na kaka yangu Delos Halfwhite, katika Nyumba Ndefu ya zamani ya Coldspring, wakabadilishana vikapu mbele ya koo zote mbili. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwembamba, sijui pa kuweka mikono, naye bibi harusi akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akamgeukia kaka yangu, "Huyu ndiye shemeji niliyeahidiwa? Mbona mmeniletea ufito?" Utani huo hatukuuacha kwa miaka sitini na tisa. Mungu Muumba aliwajalia watoto watatu, Rosalind aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1955, Emory tarehe 21 Januari 1958, na Twila tarehe 17 Agosti 1962, wote wa ukoo wa Dubu kama mama yao, na marehemu ameacha wajukuu tisa na vitukuu kumi na wanne, wa mwisho ni yule anayelia pale, mwacheni alie, bibi yake alipenda kelele.

Sasa nafika kwenye maji. Watu wa serikali walipoamua kujenga bwawa kubwa kule mto unakoelekea, tuliwaonyesha mkataba, wakasema wameuona, wakajenga. Tarehe 14 Oktoba 1964 nyumba ya Delos na Luvenia ilichomwa moto na wakandarasi ili isije ikaelea katika ziwa la bwawa hilo, naye Luvenia akakaa ndani ya gari na cherehani mapajani na Twila ubavuni, akatazama mpaka paa likaanguka. Delos alikuwa mpole, alishuka akaokota kitasa cha mlango kikiwa bado cha moto, akakifunga kwenye kofia yake. Kaburi la Mama Hattie lilihamishwa wiki mbili baadaye, na marehemu alikwenda mwenyewe kusimama pale wakichimba, kuhakikisha ni mama yake anayebebwa na si mtu mwingine.

Ndipo likaja suala la kitambaa. Mwezi Aprili 1965 ulifanyika mkutano wa hadhara hapa Steamburg, tulikohamishiwa, katika ukumbi uliokuwa bado unanuka rangi mpya, kuamua kama tuendelee kukipokea, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa vyuma vya maghorofa, nimetoka Buffalo na hasira zangu zote na buti zangu zote, nikasimama juu ya benchi, jamani, juu ya benchi, nikasema, "Wametuzamisha mpaka makaburi, halafu tupange foleni tupewe leso? Mimi Wendell sitagusa kitambaa hicho mpaka naingia kaburini!" Nilipigiwa makofi, sitawaficha, nilipigiwa makofi mengi sana.

Luvenia alisubiri makofi yaishe, akasimama mahali pake tu, chini, na mtoto begani. "Nani kauvunja mkataba?" akauliza. "Si wao? Sasa mnataka tuwasaidie kuumaliza? Nyumba iliyochomwa ni yangu, Wendell, wewe ulikuwa umepanga chumba Buffalo, kwa hiyo usinifundishe uchungu. Wakileta kitambaa, wanakiri kwa mkono wao wenyewe kwamba neno la 1794 liko hai, na kwamba bwawa lile wamelijenga wakiwa na deni la neno hilo shingoni. Mwaka tutakaokataa, wataandika kwamba sisi ndio tulioacha. Kila kisanduku kitupu kwenye orodha ile ni tundu, na siku matundu yakizidi majina, basi, wamemaliza kazi." Kisha akanitazama, akaongeza, "Na wewe uliye juu ya benchi, kataa tu, ila usije ukaniazima shuka." Ukumbi mzima ulicheka, hata waliokuwa wamenipigia makofi.

Mkutano uliamua kitambaa kiendelee kupokelewa. Mimi sikubadilika, na nilisema nimeapa, nami si mtu wa kula kiapo na kukitapika, na ninyi wote mnajua kwamba siku ya kitambaa nilikuwa nakwenda kuvua samaki katika ziwa lilelile ninalolichukia. Wanangu wawili wa kiume waliniona, nao hawakwenda. Baada ya hapo watoto wa wengine wakawaona wanangu, na kila mwaka foleni ikapungua vijana, na marehemu alikuwa akirudi na mkasi wake mfukoni, akipita mbele ya nyumba yangu bila kusimama. Siku hiyo moja tu kwa mwaka hakunitania.

Jambo moja lilikuwa linanishangaza. Kuanzia mwaka ule wa 1965, kila ikifika majira ya kitambaa, watu walikuwa wananiuliza habari za mguu. Nikiingia dukani, "Mguu unaendeleaje, Wendell?" Nikikutana na karani barabarani, "Pole na mguu." Mguu ulikuwa mzima, napanda vyuma ghorofa ya thelathini, nikadhani ni ustaarabu wa watu wa hapa kwa mtu anayefanya kazi ya hatari. Halafu tarehe 6 Mei 1971 nilianguka kutoka kwenye boriti, nikavunjika mguu sehemu mbili, na Luvenia alisafiri na basi hadi hospitali, akapiga magoti kando ya kitanda akilia machozi ya kweli, "Shemeji nisamehe, mimi ndiye niliyekuvunja." Nilimwambia, "Mimi nimechanganywa na dawa, wewe umechanganywa na nini?" Hakunieleza, na kaka yangu Delos, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeukia ukutani mabega yakimtikisika, nami nikaamini analia.

Delos alifariki tarehe 19 Februari 1991, na Luvenia aliendelea na meza yake. Mnakumbuka miaka hiyo watu walivyoanza kulalamika kwamba vipande vimekuwa vidogo, kwa sababu kiasi kilichoandikwa mwaka 1794 hakiongezwi, na majina kwenye orodha yanaongezeka kila mwaka, na Emory siku moja alikiinua kipande chake akasema, "Mama, hiki hakifuti hata pua." Marehemu alikuwa anasubiri swali hilo kwa hamu. "Bibi yangu alipata cha kushona gauni," akamwambia, "kwa sababu tulikuwa wachache, na waliotuandikia mkataba walidhani tutaisha kabla kitambaa hakijaisha. Kikiwa kidogo, mjue tumezaana. Nataka nife kikiwa kama stempu." Baada ya hapo kila mtoto alipozaliwa, Luvenia alikuwa anampigia simu mama wa mtoto kumpongeza kwa kutupunguzia kitambaa.

Kila tarehe 11 Novemba alikwenda Canandaigua kutazama mkanda wa shanga, uliofumwa kuwa shahidi wa mkataba, ukinyanyuliwa, theluji ikinyesha au isinyeshe, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka jana, katika kiti cha magurudumu, Twila akimsukuma, amejifunga mablanketi mawili na bado anamkosoa aliyeushika mkanda kwamba ameushika kama soseji.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Machi 2023, akatibiwa kwanza katika kliniki ya Taifa letu, kisha akalazwa katika hospitali ya Olean tarehe 11 Septemba, ambako madaktari walifanya kila kilichowezekana, akarudishwa nyumbani tarehe 24 kwa ombi lake mwenyewe. Nilikwenda kumwona tarehe 29, mchana, amekaa kitandani anakula stroberi za kopo, nikamtania kwamba zile zinazoota kando ya njia ya mbinguni huchumwa palepale na hazina kopo, akacheka mpaka nikaogopa. Kisha akaacha kijiko. "Shemeji," akasema, "mwaka huu utakwenda?" Hakutaja wapi. Nikatazama dirishani, nikasema, "Tutaona." Akaniambia, "Haya, tuone," akaendelea kula. Ndugu zangu, nina miaka themanini na minne, nimetembea juu ya vyuma bila kamba, na siku ile niliogopa kumwambia mwanamke mgonjwa neno moja alilolingoja kwangu miaka hamsini na minane. Alifariki dunia tarehe 2 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, watoto wake wote watatu wakiwa wamemzunguka, akiwa na umri wa miaka themanini na tisa.

Rosalind, karatasi yako imeishia hapo. Nivumilie.

Juzi, akina mama wa Mwewe walikwenda kwake kuchukua nguo za kumvika, kama inavyotupasa, wakafungua sanduku lililo chini ya kitanda, na mke wangu, aliyewasindikiza, akarudi nyumbani amekumbatia kitu, akakiweka mezani mbele yangu. Vilikuwa vipande vya merikani, vimekunjwa vizuri, kila kimoja kimebanwa kwa pini kikaratasi chenye mwandiko wake. 1965, Wendell. 1966, Wendell. Vile vya chini vikubwa, vya juu vinapungua, mpaka cha mwaka 2022 ambacho ni kama leso kweli. Vipande hamsini na nane. Alikuwa anachana cha kwangu, anakiweka pembeni, na karani akiuliza mwenyewe yuko wapi, anamwambia, "Mguu unamsumbua." Kumbe foleni nzima ilijua. Ninyi nyote mnaoinamisha vichwa sasa hivi mlijua, wazazi wenu walijua, mkaniuliza habari za mguu miaka hamsini na nane nyuso zimekauka, nami nikiwajibu, "Unaendelea vizuri, asanteni." Ole wenu.

Nilijiona shujaa aliyeacha tundu katika orodha yao. Tundu halikuwapo. Wakati mimi navua samaki, mwanamke ambaye nyumba yake ilichomwa alikuwa ananishikia jina langu, wala hakuniaibisha hata siku moja, wala hakunidai asante. Nampenda, na sikumwambia.

Na juu kabisa ya vile vipande kulikuwa na kikaratasi kimoja zaidi, kina pini, hakina kitambaa. Alikiandaa mapema. Ninacho hapa, nitakisoma kama alivyoandika. "2023, Wendell. Mguu umepona. Aje mwenyewe."

Kwa niaba ya wafiwa, natoa shukrani kwa madaktari na wauguzi wa kliniki yetu na wa hospitali ya Olean, hasa yule muuguzi aliyemruhusu kuingia na mkasi wodini, kwa majirani wa Steamburg waliopika na kupasua kuni, kwa wenzake wa kiwanda cha mashati, kwa wachimba kaburi wa upande wetu, na kwa makarani wote wa orodha, walio hai na waliotangulia, waliotia alama mbele ya jina langu wakijua wazi kwamba mguu wangu ni mzima. Siku ya kumi mtakuja kula chakula chake na vitu vyake vitagawiwa, na akina mama wa Dubu wameshaamua kwamba mkasi uende kwa Twila. Wanangu wawili, mmekaa hapo mbele, mmenisikia. Mwezi ujao kitambaa kikifika mtanisindikiza, tutasimama nje kwenye baridi pamoja na kila mtu, na karani akiniuliza mguu, nitamjibu kwamba umepona.

Pumzika kwa amani, shemeji. Sasa nafasi yako kwenye foleni naishika mimi.